Uzito wa Rejeo

Jua lilikuwa palepale. Pandu alilitazama tena, akakunja uso, akatazama kivuli chake kilichojikunja chini ya nyayo kama mbwa aliyechoka, akasema peke yake, "Hili nalo limekwama." Halafu akajiuliza kama alikuwa amekwisha kulisema neno hilo, au ndiyo kwanza alikuwa anataka kulisema, au kuna mtu mwingine aliyelisema kwa kinywa chake. Katika zamu hii hakuna aliyepata jibu la kitu chochote, maana jibu huja baadaye, na baadaye ilikuwa haiji.

Nchi yao ilikuwa imekatwa vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki lililolazwa chini, na kila mtu alikuwa na chumba chake. Kijito kiliigawa katikati. Huku walikaa watu wa Jemadari Songoro, kule walikaa watu wa Bi Mashavu, na ugomvi wao ulikuwa wa zamani kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka walianza kugombea nini. Walipigana kwa zamu. Upande mmoja ulipotembea, upande wa pili ulisimama kama ulivyokutwa: mwenye kijiko mdomoni alibaki na kijiko mdomoni, mwenye kucheka alibaki na meno nje. Zamu ikiisha, waliosimama waliamka, na waliokuwa wakitembea wakasimama. Zamu mbili zilifanya siku moja. Hapo ndipo jua liliposogea, unga ukaumuka, mtoto aliye tumboni akaongeza ukucha.

Na wote waliamini kwamba kusimama si kitu. Kila mmoja wao alikuwa amesimama nusu ya maisha yake, na hakuna aliyekumbuka hata chembe. Walichoamka nacho ni ukavu wa kinywa tu. Basi wakasema ni kupepesa jicho. Usingizi una ndoto, walisema, kusimama hakuna hata ndoto. Likawa neno la kila nyumba, likasemwa juu ya sahani za chakula, likasemwa kwa watoto, na neno likisemwa sana halihojiwi tena.

Pandu alikuwa mpimaji. Mizani ilikuwa moja tu nchi nzima, ya kushikwa mkononi, ina vitanga viwili vya shaba na uzi mwembamba wa kuning'inizia kidoleni. Kila uchawi kabla ya kutumika vitani ulifungwa katika kifundo cha kaniki na kuletwa kwake. Alikiweka kifundo kitanga hiki, na kitanga cha pili akamimina pumzi kwa kata, kutoka kwenye mtungi. Pumzi ile ilikuwa kama ukungu mzito, na ndiyo iliyolipia uchawi wote. Vitanga vikitulia, bei imekaa. Hakukuwa na haja ya kutangaza, kwa sababu mizani na mitungi ya pande zote mbili ilitoka katika tanuri moja: mizani ilichosema, mitungi ilikitii palepale.

Kazi hiyo aliifanya bila mbwembwe. Hakuwa mtu wa kufikiri sana, au ndivyo alivyojidhania. Alijua kwamba tego la radi likiwa rahisi hakuna atakayejenga ukuta, kwa kuwa ukuta utaanguka kabla udongo haujakauka. Alijua kwamba kago la kujikinga likiwa rahisi kupita kiasi hakuna atakayepigana. Watu watakaa ndani ya makago yao wakipiga miayo mpaka wazeeke. Alijua kwamba zinguo la kufungulia uchawi lazima liwe katikati, lisiwe ghali kiasi cha kuogopwa wala rahisi kiasi cha kufanya kila kilichofungwa kionekane upuuzi. Haya yote aliyajua mkononi. Mkono wake ulikuwa unasikia kitanga kama ulimi unavyosikia chumvi.

Halafu Mwatima akaleta Rejeo.

Mwatima alikuwa fundi wa kufunga vifundo, mwanamke mwenye vidole virefu na mdomo usiokaa kimya. Alikitupa kifundo kwenye kitanga akasema, "Haya shemeji, pima kitoto changu. Hiki hakiui mtu, hakichomi, hakibomoi. Kinafanya jambo dogo tu."

"Jambo gani?"

"Ukikifungua mwisho wa zamu yako, unapata zamu nyingine."

Pandu aliinua mizani. Kifundo kilikuwa chepesi kama pamba. Kata moja ya pumzi ilitosha kukiinua, na bado kitanga kilikuwa kinapepea. Alishangaa kidogo, akakipima tena. Kata moja. Akajiambia kuwa si ajabu. Zamu ni muda mtupu, na muda mtupu una uzito gani? Akaacha vitanga vitulie. Bei ikakaa.

Hakuna aliyekumbuka, wala yeye, kwamba kila zamu inapoanza mtungi hujijaza kata mbili.

*

Sasa walikuwa ndani ya zamu hiyo. Songoro alifungua Rejeo, akalipa kata moja, akapata mbili. Akafungua tena. Mwatima alikaa miguuni pake akifunga vifundo vipya bila kuinua kichwa. Mwanzoni watu walishangilia. Walivuka kijito, wakawaangusha watu waliosimama toka vizingitini, kama mtu anavyochuma matunda ya mti mfupi, ndipo wakaingia vyumba vilivyobaki vitupu, kimoja baada ya kingine. Kisha shangwe zikapungua. Kisha watu wakaanza kuulizana mambo ya ajabu. "Hivi mimi na wewe tumekwisha kula?" "Hivi huyu niliyemwangusha nilimwangusha, au ndiyo naenda kumwangusha?" Mwanamke mmoja mwenye mimba pevu alikaa kizingitini akishika tumbo lake, akimwambia kila apitaye kuwa uchungu umeanza, umeanza, umeanza.

Kwa Pandu kulikuwa na sufuria ya uji mekoni. Moto ulikuwa unawaka chini yake, kuni haziishi, na uji hauchemki. Ulikuwa uji wa Mize, alioubandika kabla hajavuka kwenda ng'ambo.

Na Mize, mke wake, alikuwa hapo mbele yake, kiasi cha kunyoosha mkono.

Chumba cha Pandu kilikuwa kwenye ukingo wa kijito. Mize alikuwa ametoka kumuuguza mama yake ng'ambo, na kwa desturi ya nchi, anayeingia chumba cha mtu huku mwenyewe yumo, huwa wa upande wa mwenye chumba. Ndivyo ndoa zilivyofungwa, na ndivyo wageni walivyopokewa. Kwa hiyo alipokwenda kwa mama yake alikuwa wa kule, na ili arudi kuwa wa huku alitakiwa kukanyaga tu chumbani mwa mumewe. Alikuja mpaka ukingoni. Akapiga kelele toka ng'ambo, ingawa Pandu alikuwa amesimama, "Pandu, usiache uji uungue!" Akainua mguu wa kulia kuuvusha maji. Hapo zamu ya kwao ikaisha.

Mguu ulikuwa bado hewani. Kisigino kilikuwa juu ya maji, vidole vikielekea kwake. Pandu alijaribu kumvuta, ingawa alijua. Mtu aliyesimama hang'oki. Ana mizizi isiyoonekana. Kinachoweza kumtoa pale ni silaha tu. Basi akakaa chini akimtazama. Na kwa kuwa hakuwa na la kufanya katika adhuhuri ile isiyoisha, alimtazama kuliko alivyowahi kumtazama katika miaka yote ya ndoa yao. Alimtazama mpaka akaacha kumjua, akawa mwanamke mwingine tu aliyeinua mguu. Akamtazama zaidi mpaka akawa Mize tena.

Ndipo alipouona msuli.

Shavu la mguu wa kushoto, ule uliobeba mwili wote, lilikuwa linatetemeka. Kidogo sana, kama utando wa maziwa unapoupulizia. Pandu alisogea, akaweka kiganja. Lilikuwa la moto, na gumu kama jiwe.

"Mize," alisema. "Unasikia?"

Jicho lake halikusogea. Lakini lilikuwa na maji, na maji yale hayakuwapo mwanzo.

Nini hiki? Kupepesa jicho hakuchoshi mguu. Au mguu unachoka peke yake, mwenyewe hayupo? Kama hayupo, nani analia? Na mimi je, niliposimama zamu zile zote, nilikuwa nalia? Nani alikuwa analia kwa macho yangu? Nusu ya maisha yangu kuna mtu amesimama humu ndani, kinywa kimekauka, anangoja, na mimi nikiamka namfuta kama matone ya maji mezani. Simjui jina. Labda jina lake ni Pandu, na mimi ndiye sina jina.

Aliinuka. Alichukua mizani yake akaenda kwa Songoro.

*

Jemadari Songoro alikuwa amekaa juu ya kiti kilicholetwa kutoka nyumba ya adui, anakula embe lisilopungua. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio uliowatisha watu.

"Jemadari," alisema Pandu. "Bei ya Rejeo si sawa."

"Umepima mwenyewe, bwana Pandu."

"Nimekosea."

"Mizani imekosea?"

"Sijui nini kimekosea. Wanasikia, Jemadari. Hao waliosimama. Mguu wa mke wangu unatetemeka."

Mwatima aliinua kichwa kwenye vifundo vyake, akacheka. "Shemeji, umekaa juani muda mrefu. Mguu wa mkeo ulikuwa unatetemeka tangu siku ya harusi, alipokuona sura."

"Njoo uushike."

"Nishike mguu wa mke wa mtu nina wazimu?" Lakini hakucheka tena, na vidole vyake virefu vilipunguza mwendo.

"Basi pima," alisema Songoro. "Sheria ni mizani. Ikipanda, nitalipa. Siogopi."

Pandu alikiweka kifundo cha Rejeo kwenye kitanga, akaning'iniza mizani kidoleni, mbele ya wote. Kilikuwa chepesi kama pamba. Kata moja, na kitanga kinapepea. Alikipima kwa mkono wa kushoto. Alikipima amefumba macho. Alikipima akimfikiria Mize kwa nguvu zake zote, kana kwamba huzuni inaweza kumiminwa kwenye shaba. Pamba. Watu walioizunguka mizani walianza kuguna kwa kuchoka, au walikuwa wamekwisha kuguna.

"Umeona," Songoro alisema, akafuta maji ya embe kidevuni. "Haya. Nimebakiza vyumba vya ukingoni. Nikifungua Rejeo mara hii, napiga tego la radi kijito kizima, kazi imekwisha, tukapumzike."

"Ukingoni yupo Mize."

"Yupo upande gani?"

Pandu aligeuka kutazama upande wa kijito.

"Mguu wake uko hewani, bwana Pandu. Hewa si chumba. Mimi sikumwambia achelewe." Halafu akaongeza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea, "Unadhani mimi nafurahi? Embe hili nimelila sijui mara ngapi. Silioni ladha. Lakini nikiiachia zamu, watasimama wao tena, au nitasimama mimi? Nimesahau. Nimesahau kusimama kukoje. Nikifikiri naogopa."

Pandu alirudi chumbani kwake. Alipita katikati ya nyumba zilizokaa kimya juani, mizani ikigongana pajani mwake, akili ikiwa imevurugika kama uzi ulioanguka na kuchezewa na paka. Alipima wapi? Alipima hapa. Alipima lini? Kwenye zamu yake. Vifundo vyote vya maisha yake alivipima kwenye zamu yake, kwa mkono unaotembea, kwa kuwa mkono uliosimama haupimi. Baba yake alipima vivyo hivyo. Tego alilipima mpigaji. Kago alilipima mjikingaji. Kila uchawi wa nchi hii ulipewa bei na yule anayeutupa, na hakuna hata mmoja uliowahi kupimwa na yule unayemwangukia. Na muda, kwa aliye nao, ni pamba. Kwa hiyo mizani ilisema kweli. Ilisema kweli ya huku.

Alifika ukingoni. Ng'ambo, Mize alikuwa amejaa chumba chake kimoja, mguu hewani.

Nikiingia chumba chake naye yumo, nakuwa wa kule. Nikiwa wa kule, nasimama papo hapo. Nikisimama sikumbuki. Nisipokumbuka, itakuwa nimefanya? Na radi ikinikuta? Basi itatukuta.

Alikiweka kifundo cha Rejeo, kile alichotoka nacho kwa Songoro, kwenye kitanga kimoja. Kitanga cha pili alikimiminia kata moja ya pumzi, ile bei ya zamani. Uzi aliuzungusha kidoleni, akanyoosha mkono mbele sawasawa, mbali na mwili, ili vitanga visiguse kitu. Nyuma yake alimsikia Mwatima akimwita, "Shemeji! Shemeji, wewe!" na hakukuwa na mzaha katika sauti yake. Akavuka maji, akakanyaga chumba cha mke wake.

*

Hapa hakuna la kusimulia, au lipo na hakuna wa kulisimulia.

Kulikuwa na mkono. Mkono ulikuwa umenyooshwa. Kulikuwa na inzi aliyetembea juu ya jicho, akanywa, akaondoka, akarudi na wenzake. Ulimi ulikuwa gogo. Kulikuwa na mtu ndani aliyekuwa hapo siku zote, tangu utotoni, mwenye subira ya kutisha, na yule mtu akasema, umekuja hatimaye. Kisha mahali fulani mbali Songoro akafungua kifundo, na Rejeo likaja juu ya watu wote waliosimama kama paa la nyumba linaloshuka taratibu, na kitanga kikaanza kwenda chini. Kilikwenda. Uzi ukaingia kwenye ngozi ya kidole. Kata moja ya pumzi ikarushwa juu kama unyoya. Kitanga kikaenda, uzi ukapita ngozi, ukafika kwenye kitu kigumu, na kidole hakikuruhusiwa kujikunja wala kinywa kulia. Kikaenda mpaka hapakuwa na pa kwenda. Kikatulia.

Bei ikakaa. Mtungi wa Songoro ulilipa pumzi yake yote, ukabaki mkavu, bado ukadaiwa, na kifundo mkononi mwake kikajifunga chenyewe.

*

"Unafanya nini chumbani kwangu, unanikanyaga?"

Pandu alipepesa macho. Kinywa kilikuwa kikavu. Mize alikuwa ameushusha mguu wake, lakini haukutua alikokusudia; aliangukia magoti majini, ameshika shavu la mguu wa kushoto, anasaga meno.

"Nimekuja... " alisema Pandu. "Sijui. Nimekuja kukuchukua?"

"Nilikuwa nakuja mwenyewe! Uyii, mguu huu! Nimeupiga wapi?"

"Sijui."

"Na hiyo damu?"

Alitazama. Mizani ilikuwa inaning'inia, na uzi wake ulikuwa umezama kidoleni hata hauonekani. Alijaribu kukumbuka, akakuta ukuta mweupe; kusimama kulikuwa kumeifuta na zamu yote ile iliyorudiwa. Kitu cha mwisho alichokuwa nacho ni vitanga vikitulia asubuhi moja na Mwatima akicheka. Jua lilikuwa limeinama kidogo upande wa magharibi, na jambo hilo, hakujua kwa nini, lilitaka kumliza. Ng'ambo watu wa Songoro walikuwa wamesimama. Mwatima alikuwa ukingoni, mkono mbele, kinywa wazi katikati ya neno.

Upepo ukaleta harufu kutoka ng'ambo.

"Uji wangu!" Mize alipiga kelele. "Nilikwambia nini mimi? Nilikwambia nini?"

Bi Mashavu alifika akichechemea, mwanamke mfupi mwenye kanga iliyopauka, na nyuma yake watu waliobaki. Walikuwa wachache. Walikuwa wanawatazama wenzao walioanguka na hawakuelewa wameanguka lini. Aliona kifundo kwenye kitanga, akakichukua, akakinusa.

"Hiki ndicho kilichotumaliza," alisema. "Sikumbuki, lakini najua. Mpimaji, sasa wewe ni wa kwetu. Umekanyaga. Kipime."

Akakiweka kiganjani mwa Pandu. Kilikuwa chepesi kama pamba.

"Kipime, baba, tupo kwenye zamu yetu. Kikiwa rahisi, hatuwaachii tena hawa. Tazama walivyotufanya!"

Pandu alitazama. Kifundo kiganjani hakina uzito wa kumwangusha sisimizi. Kidole kile kile, cha mkono ule ule, kimekatwa mpaka mfupani na uzi wa mizani ile ile. Vyote viwili vilikuwa mbele ya macho yake na havikukubaliana. Mmoja wao alikuwa mwongo, na kiganja kilikuwa kinazungumza kwa utamu sana. Alimtazama Mize, aliyekuwa bado anakanda mguu asiojua ameuumizia wapi. Alimtazama Mwatima ng'ambo. Inzi alikuwa anatembea juu ya jicho la Mwatima. Halikupepesa. Lilikuwa na maji.

"Sipimi," alisema.

"Hupimi?"

"Sipimi sasa. Nitapima zamu ikiwa yao."

"Utapimaje nawe umesimama kama kisiki?"

"Sijui, mama. Lakini naona nimekwisha kupima hivyo mara moja." Akamwonyesha kidole.

Bi Mashavu alikitazama kidole muda mrefu. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, na kifundo kilikuwa karibu. Nyuma yake mmoja alianza kusema jambo kuhusu kaka yake aliyelala pale chini, akaacha katikati. Mwishowe Bi Mashavu alijilamba midomo, akaonja ule ukavu, akautafuna kama mtu anayetafuna chakula asichokijua jina.

"Tuzike watu wetu kwanza," alisema.

Wakazika. Zamu ilipokaribia kuisha, Pandu alikaa ukingoni, akaegemeza kiwiko juu ya jiwe, akauhamishia uzi kwenye kidole kizima, akanyoosha mkono. Mize alikuja akakiweka kifundo kwenye kitanga mwenyewe. Halafu hakuondoka. Alitafuta mahali palipo sawa, akakaa, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, akaipapasa.

"Unafanya nini?" Pandu aliuliza.

"Nakaa vizuri," alisema Mize. "Hujui utangoja muda gani."

Wengine walimwona. Mmoja akateremsha mzigo wake kichwani. Mwingine akamtoa mtoto mgongoni, akamlaza kivulini, akamfunika uso kwa kanga ili inzi wasimpate. Bi Mashavu akajilaza chali, akafumba macho, mikono juu ya tumbo.

Ng'ambo uji ulikuwa umeungua kabisa, na moshi wake ulikuwa unapanda.